Mwonjaji wa Chai ya Baba

Juzi baba alikuja kwangu amepakiwa kwenye bodaboda, amekumbatia kiroba kwa mikono miwili. Alikiweka sebuleni, akasema, "Mama yako mdogo aliacha neno, hiki upewe wewe," kisha akaomba maji na kuanza kuzungumzia mvua, kama wafanyavyo wanaume wa rika lake wanapotaka kulia. Sikuwa na haja ya kufungua. Harufu ya nazi iliyolowea kwenye mbao miaka nenda rudi ilikuwa imeshatoka kwenye kiroba na kunifikia puani. Ilikuwa mbuzi yake ya kukunia nazi, kile kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma na meno kwa mbele. Tangu siku hiyo situlii. Nimeiweka jikoni, nikaihamishia chumbani, nikaisukuma uvunguni, nikaitoa tena. Mume wangu ameniuliza kama kuna jini humo ndani, nikamwambia aniache.

Mara ya kwanza kuiona nilikuwa darasa la tatu, na nilijua papo hapo kwamba ni chombo cha kuulia watu.

Nisichekwe. Sisi tuliokulia Makanyagio, mjini Mpanda, enzi zile nazi tuliijua kwenye mafuta ya nywele, si kwenye sufuria. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, simkumbuki hata sauti. Nililelewa kijijini Usevya na bibi mzaa baba, ambaye nimerithi jina lake, ndiyo maana baba huniita Mama na bibi alikuwa akiniita wajina. Nilipofika umri wa shule baba akanichukua nikae naye mjini. Kazi yake ilikuwa kununua mpunga huko Usevya na kuuleta Mpanda kukoboa. Siku moja akapanda treni kwenda Tabora kufuata kifaa cha mashine, akarudi na kifaa na mwanamke.

Mwanamke mwenyewe alikuwa mama lishe karibu na stesheni ya Tabora, lakini kwao hasa ni Pangani. Alishuka kwenye treni na sanduku la bati, kanga kichwani, na ile mbuzi kwapani. Nilimwamkia kama nilivyofundishwa. "Marahaba, mwanangu," akasema, na kunishika kidevu. "Mzuri huyu, mashallah." Alitabasamu mpaka macho yakafumba. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye meno ya chuma. Jioni yake nilimkuta jikoni amekikalia kile kigoda, magoti wazi, anazungusha kitu cheupe mbele ya ule ulimi, kinatoa sauti ya kukwaruza iliyonipanda mpaka kwenye fizi. Nilikimbia nikajificha nyuma ya choo.

Pengine ningemzoea upesi kama isingekuwa televisheni. Msimu huo kulikuwa na tamthilia moja iliyowashika watu wote. Sisi watoto tuliita Ile ya Pwani, na kila mtu alielewa. Ilihusu familia tajiri kwenye nyumba nyeupe iliyotazama bahari. Mzee mwenye nyumba anakutwa amekufa, na kumbe kila anayelala chini ya paa lile ana sababu ya kumuua: mke mdogo, watoto wakubwa wa mke wa kwanza, dada yake mjane, mpaka mpishi. Kwetu hatukuwa na televisheni. Tuliitazama kwa kina Jeni, majirani zetu, Jumapili mchana baada ya misa, maana ndipo walipoonyesha marudio. Tulivua ndala mlangoni, tukakaa sakafuni magoti kifuani, mama Jeni akaondoa kile kitambaa cha kufuma juu ya televisheni taratibu kama anayetutesa kwa makusudi. Umeme ukiwa na huruma tuliona sehemu nzima. Ukikatika, tulibaki tunabishana nani muuaji mpaka tukafukuzwa.

Sasa, Jumapili moja wakaonyesha jinsi mzee alivyokufa. Amekaa kibarazani, upepo unapeperusha kanzu. Mke mdogo anakuja na kahawa, anaiweka mezani, anatabasamu, anaingia ndani. Mzee anakunywa. Anashika koo, kikombe kinaviringika sakafuni, muziki unapigwa. Wenzangu wote walipiga ukelele alipoanguka. Mimi nilikuwa nimeshaupiga wa kwangu mapema, pale mwanamke alipogeuka na kuondoka.

"Hajaonja!" nilisema. "Mmeona? Hajaonja!"

Hakuna aliyeniuliza nina maana gani, kwa sababu wengi wetu tulikuwa watoto wa nyumba zenye desturi moja. Kwa bibi yangu, mtu hapewi kinywaji mkono kwa mkono hivihivi. Anayekupa lazima akionje kwanza mbele ya macho yako, ameze umwone, ndipo akukabidhi. Iwe pombe ya mavuno, iwe togwa, iwe uji wa mgonjwa. Bibi alifanya hivyo hata na maji ya mtungini. Sikuwahi kuambiwa sababu, na sikuwahi kuuliza, kama vile mtu asivyouliza kwa nini mlango una bawaba. Ila kichwani nilijua: anayeonja ana moyo mweupe, na asiyeonja ana lake jambo. Kwa watu wa pwani walioitengeneza ile tamthilia nadhani kikombe kile hakikumtaja mtu yeyote. Kwangu mimi yule mwanamke alikuwa ameshakiri kosa.

Jeni alinigeukia. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo na alipenda sana kujua mambo kabla ya wengine. "We, si mama yako wa kambo katoka pwani?"

"Katoka Pangani."

"Si ndo hukohuko. Na anatabasamu sana yule. Mwangalie baba yako."

Nilirudi nyumbani roho juu. Na kama vile mtu amepanga, nikamkuta Mama Mdogo anatwanga. Alitwanga iliki na mdalasini kwenye kinu kidogo, vitu ambavyo sikuvijua, akachota unga wa kahawia kwa ncha za vidole, akaunyunyiza kwenye chai ya baba. Akakiweka kikombe kwenye stuli mlangoni. Akatabasamu. Akaingia ndani.

Hakuonja.

Baba alikuwa uani ananawa miguu. Sikuwaza hata kidogo. Nilipita, nikakishika kile kikombe kwa mikono miwili, nikapiga funda moja kubwa lililoniunguza ulimi, nikakirudisha. Baada ya hapo nikaanza kusubiri kufa. Nilishika koo langu, nikalipapasa. Nikasali Salamu Maria nikachanganya na Baba Yetu. Baba akaja, akakaa, akanyoosha mkono kuchukua kikombe, na mimi nikaona sumu bado haijapata muda wa kunimaliza, kwa hiyo ikabidi nimcheleweshe.

"Baba, kwa nini Fuso lina matairi mengi nyuma kuliko mbele?"

"Kwa sababu mzigo unakaa nyuma."

"Na tembo wa kule mbugani akikutana na Fuso, nani anampisha mwenzake?"

"Mama, chai inapoa."

"Baba, hebu subiri kwanza. Mbinguni kuna mpunga?"

Aliniangalia akaniwekea kiganja kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Kisha akanywa. Sikufa, naye hakufa. Ila kesho yake kulikuwa na kikombe kingine.

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ile, na haikuwa na mapumziko. Jioni nilionja chai. Mchana nilionja mchuzi. Alipopika migebuka, wale samaki wa ziwani kutoka Ikola, kwa tui la nazi, jambo ambalo jirani zetu walilizungumza kama msiba, nilinyofoa kipande cha baba kwa nyuma, pale pasipoonekana. Nilikuwa mtoto wa kushtuka shtuka. Shuleni mwalimu akiandika ubaoni mimi nawaza sufuria. Michezo ya jioni niliiacha, nikicheza nacheza karibu na mlango. Usingizi wangu ulikuwa wa kuku. Na kilichonichanganya zaidi ni kwamba chakula kilikuwa kitamu. Ule wali wake ulikuwa unateleza wenyewe. Nilikuwa nikionja sumu huku natamani iongezwe.

Mama Mdogo aligundua, bila shaka. Kikombe kinachojazwa mpaka ukingoni hakipungui chenyewe. Siku moja pembeni ya kikombe cha baba nikakuta kingine kidogo, cha plastiki, cha rangi ya waridi, chai yake imeshapozwa na sukari imezidishwa. Mtoto mwingine angefurahi. Mimi niliona mtego. Kidogo ni kisafi, nikawaza, ili ninywe huku nikiacha kikubwa. Nikanywa cha kwangu chote, kisha nikaonja na cha baba vilevile. Nilipogeuka alikuwa amesimama kwenye pazia ananitazama, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sikuielewa. Nilisikia akimwambia mama Jeni uani, "Huyu mtoto hasemi na miye, lakini chai yangu haimpiti. Ati anaiba mpaka ya babake!" Wakacheka.

Kisha baba akaumwa kweli.

Alirudi kutoka kununua mpunga Usevya akiwa mnyonge, kichwa kinamgonga. Akameza dawa za malaria za dukani, zikamtoka alivyozimeza. Tumbo likamkata, homa ikapanda na kugoma kushuka, midomo ikapasuka. Mtu mnene aliyekuwa akijaza mlango akawa analala upande mmoja wa kitanda na nafasi inabaki. Habari zikafika Usevya, na bibi akaja na gari la mpunga, na chupa ya dawa ya mizizi ndani ya kikapu. Hakukaa hata. Alisimama katikati ya sebule akanusa hewa.

"Mwanangu hajawahi kuumwa tumbo," alisema. "Toka utoto wake. Kaanza kula hii minazi, ndo hivi."

Mama Mdogo alikuwa mlangoni mwa jikoni na bakuli mkononi. "Mama, miye nilisema twende hospitali, yeye..."

"Wewe unampa vitu huonji. Niliona mimi, mara ya kwanza tu nimekuja hapa, nikanyamaza. Unamtengea mtu unaondoka. Kwetu anayeficha mdomo wake ana lake jambo."

"Kwetu kumpa mtu kikombe ulichokinywa ni kumpa makombo, mama. Ni kumdharau."

"Basi rudi kwenu ukawape wenzako."

Mpango wa bibi ulikuwa tayari. Baba apakiwe kwenye gari lilelile, arudishwe Usevya kwa mtu anayejua kutoa sumu tumboni. Na mwanamke apande treni. Majirani walikuwa wameshajaa uani wanajifanya wanachuma mboga. Baba alifumbua macho akayafumba, hakuwa na nguvu hata ya kusema hapana. Mama Mdogo hakubishana tena. Aliingia chumbani, nikasikia sanduku la bati linafunguliwa. Alipotoka aliliweka karibu na mlango, na juu yake akaweka mbuzi yake.

Niliitazama ile mbuzi juu ya sanduku, na ajabu ni kwamba niliona huruma. Ndiyo ilikuwa inaondoka. Wali ule unaondoka, kile kikombe cha waridi hakitakuwa na wa kukijaza, na mwanamke mwenyewe alikuwa amesimama mikono imening'inia kama hajui aifanyie nini. Na mimi ndiye pekee ndani ya nyumba ile niliyekuwa na ushahidi. Ile ya Pwani ilikuwa imenifundisha kwamba mtu mwenye ushahidi huinuka na kusema mbele ya wote. Nikasogea mbele ya bibi.

"Bibi, si sumu."

"Nyamaza, wajina. Haya ya wakubwa."

"Si sumu, nimeonja. Nimeonja kila kitu. Chai, mchuzi, uji, samaki. Kila siku naonja mimi kabla ya baba. Mimi siumwi. Angekuwa anaweka sumu mi si ningekuwa nimeshakufa?"

Uani wakaacha kuchuma mboga. Bibi akanivuta karibu, akanifungua kinywa kama anayekagua mbuzi mnadani, akaniangalia ulimi, akanishika tumbo.

"Tangu lini?"

"Tangu Jeni aliponiambia watu wa pwani wanaua. Yeye haonji, sasa nikawa naonja mimi."

Bibi aliketi hatimaye. Alikuwa mkali, lakini alikuwa mtu wa haki ya kwao. Kinywaji kimeonjwa, aliyeonja mzima, kesi imekwisha. Akasema kwa sauti ya chini, "Basi apelekwe hospitali, upesi." Bodaboda ikaitwa, baba akawekwa katikati, Mama Mdogo nyuma amemkumbatia asidondoke, wakaondoka na vumbi. Hospitali walisema ni homa ya matumbo, maji machafu aliyokunywa safarini, na kwamba wangechelewa kidogo tu mambo yangekuwa mengine. Bibi aliuliza mara mbili maji ya wapi. Alipoambiwa huenda ni ya hukohuko Usevya, alijifunga kanga yake upya.

Jumapili ile ndiyo walionyesha sehemu ya mwisho ya Ile ya Pwani. Mimi nilikuwa kwenye benchi la wodini naangalia dripu ya baba inavyodondoka. Mpaka leo sijui nani alimuua yule mzee. Jeni amenisimulia mwisho huo zaidi ya mara moja, na kila mara muuaji anabadilika.

Baba aliporuhusiwa, bibi alibaki kwanza kumwangalia. Asubuhi moja Mama Mdogo alipika uji, akamletea bibi bakuli lake, akasimama nalo mbele yake. Niliona anavyohangaika. Aonje, amdharau mama mkwe kwa makombo. Asionje, arudi kwenye kesi ileile. Bibi naye alimkazia macho, hasaidii. Basi Mama Mdogo akanigeukia mimi, akanishikisha bakuli. "Onja weye, mwanangu. Si ndiwe mwonjaji wa nyumba hii?" Nikapiga funda, nikameza wote wakiniona, nikampa bibi. Bibi alikunywa. Nusu ya bakuli ilipoisha mabega yake yakaanza kutikisika, na nilidhani analia, kumbe anacheka. Tangu hapo kila alipokuja mjini alikuwa akiita kutoka barabarani, "Mwonjaji yupo? Nina kiu."

Kila mtu aliona jambo limekwisha vizuri. Mimi pia niliona hivyo, mpaka siku moja nilipokuwa namsaidia Mama Mdogo kuchambua mchele. Aliuliza bila kuinua kichwa.

"Ile siku ya kwanza kabisa. Ulipokunywa, uliogopa?"

"Niliogopa sana."

"Ulijua utakufa?"

"Ndiyo."

"Na ukanywa."

"Ili baba asife."

Alichambua kwa muda. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda upesi, vinatupa mawe. "Na miye nikadhani chai yangu tamu," akasema. Akainuka na ungo akaenda kupepeta nje, wakati mchele ule tulikuwa hata hatujaumaliza.

Nilitaka kumfuata nimwambie kwamba ilikuwa tamu, kwamba hata nilipokuwa nasubiri kufa ilikuwa tamu. Sikujua jinsi ya kulisema. Na lile neno lilibaki tumboni mwangu miaka yote, hata nilipokuwa mkubwa, hata nilipoolewa, na ni yeye aliyenipaka hina mikono. Alinipenda, nami nilimpenda, lakini hakurudi kuniuliza tena kama chakula chake ni kizuri. Aliwauliza wengine wote mezani. Kwangu alipita.

Mwaka huu alipoanza kuumwa nilikuwa nakwenda kwa baba kila mchana. Alikuwa amekwisha, mdogo ndani ya kanga zake, hataki chakula cha mtu. Siku moja nilimtwangia iliki na mdalasini kwenye kinu chake mwenyewe, nikachemsha chai alivyokuwa akiichemsha, nikaileta. Nilipokaa kitandani, kabla sijampa, mkono wenyewe ulikipeleka kikombe mdomoni mwangu nikapiga funda. Mazoea tu. Nikashtuka. Nikainuka haraka nikabadilishe kikombe, uso unawaka kwa aibu, maana nilijua kwao ni dharau na nilijua mimi ndiye wa mwisho duniani anayepaswa kumwonjea kitu mbele ya macho yake.

Alinishika upindo wa gauni.

"Wakimbilia wapi?"

"Nimeionja, Mama Mdogo. Ngoja nikuletee nyingine."

"Ina nini?"

"Haina kitu. Ni tamu tu," nikasema. "Ilikuwa tamu toka siku ile. Toka ile ya kwanza. Wallahi tena."

Aliniangalia, kisha akatabasamu lile tabasamu lake mpaka macho yakafumba, na akanyoosha mikono yote miwili.

"Basi kaa chini," akasema. "Nipe makombo yangu."

Nikakaa. Nikamshikia kikombe, akanywa taratibu, akipumzika katikati, mpaka yakabaki majani.